Nyimbo za Kumfundishia Mtoto Lugha Nyumbani: Kimakonde cha Pwani ya Mtwara, na Kirusi

Wimbo wa nyumbani ni njia kongwe ya kumpa mtoto mdogo lugha. Kabla hajatamka neno hata moja, mtoto hubembelezwa, huogeshwa na huchezeshwa vidole kwa nyimbo, na kila wimbo humwachia sauti, mapigo na maneno ya lugha ya aliyemwimbia. Anayekua katika lugha moja tu hupata mengi ya hayo hata bila nyimbo, kwa kuwa lugha yenyewe imemzunguka. Umuhimu wa wimbo huonekana zaidi pale ambapo lugha inayokusudiwa ina wasemaji wachache nyumbani, huku lugha nyingine ikitawala mtaani na shuleni. Ndivyo kilivyo Kimakonde katika mji wa Mtwara na vijiji vya pwani hadi kwenye mlango wa Mto Ruvuma. Ndivyo kilivyo pia Kirusi katika nyumba za Watanzania ambazo mzazi mmoja alikulia Urusi. Lugha hizi mbili hazina undugu wowote, lakini mtoto huzipokea kwa masikio yale yale, na kazi ya mzazi ni ile ile.

Lugha za pwani ya kusini

Kiswahili ni cha zamani katika pwani hii. Mikindani ilikuwa bandari ya Waswahili muda mrefu kabla ya David Livingstone kuanzia hapo safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Ukipanda kuelekea uwanda wa Newala na Tandahimba, Kimakonde ndicho kilichoshika nchi. Magharibi zaidi, Masasi na Nanyumbu, kuna Kimakua na Kiyao, na kaskazini, upande wa Lindi, kuna Kimwera. Pwani yenyewe ina Kimaraba, Kimakonde cha watu walioishi na Waswahili vizazi kwa vizazi. Ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, kuna Kimakonde cha Mueda, Kimakwe cha pwani ya Palma, na Kimwani kusini zaidi. Vita vya ukombozi vya Msumbiji, kati ya 1964 na 1974, vilileta familia nyingi za Wamakonde wa ng'ambo hadi mkoa wa Mtwara. Kwa hiyo katika mtaa mmoja wa mjini mtoto aweza kusikia Kimakonde cha namna mbili au tatu.

Pamoja na wingi huo, mtoto anayezaliwa mjini Mtwara leo mara nyingi huanza na Kiswahili. Ndicho wazazi wa makabila tofauti wanachozungumza, ndicho wenzake wanachochezea, na ndicho kinachotumika katika elimu ya awali na ya msingi, kama Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilivyoagiza. Kiswahili kimeiunganisha nchi, na hakuna mzazi mwenye sababu ya kukionea haya. Kinachopungua ni mazungumzo ya mtoto na wakubwa wake. Wamakonde huhesabu ukoo kwa upande wa mama, kwa hiyo bibi mzaa mama na mjomba wana uzito wa pekee katika malezi. Mtoto anayefahamu anachoambiwa na bibi kwa Kimakonde, lakini akajibu kila mara kwa Kiswahili, amepata nusu ya lugha, na asipopata nusu ya pili wanawe hawatapata hata hiyo. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inazitambua lugha za jamii kuwa hazina ya taifa. Hazina hiyo hairithiwi shuleni. Inarithiwa jikoni, barazani na kitandani, na nyimbo ni sehemu yake iliyo rahisi kuliko zote kuikabidhi.

Kwa nini wimbo humfaa mtoto

Sikio la mtoto huanza kazi kabla hajazaliwa. Mwaka 1980 watafiti wawili wa Marekani, Anthony DeCasper na William Fifer, walionyesha kwamba watoto wenye umri wa siku chache huitambua sauti ya mama na kuipenda kuliko ya mwanamke mwingine. Kinachomfikia mtoto tumboni ni kupanda na kushuka kwa sauti na mapigo yake, wala si maneno yaliyo wazi. Hivyo ndivyo vitu ambavyo wimbo huvikuza. Mwimbaji huvuta irabu, hupunguza mwendo, hutenga silabi na kurudia yale yale, na mtoto hupata nafasi ya kusikia neno linaanzia wapi na kuishia wapi.

Wimbo pia humshika mtoto. Katika utafiti uliotolewa na Chuo Kikuu cha Montreal, watoto wachanga 30 walisikilizishwa sauti za kuimba na za kuzungumza katika lugha wasiyoijua, Kituruki. Waliosikia wimbo walikaa watulivu kwa takribani dakika tisa kabla ya kuanza kulalamika, na waliosikia maneno ya kubembeleza walikaa takribani dakika nne. Mtoto mtulivu anasikiliza, na anayesikiliza anajifunza.

Kumbukumbu nayo husaidiwa. Mwaka 2014 watafiti wa Edinburgh waliwafundisha watu wazima 60 semi fupi za Kihungaria kwa dakika 15. Walioziimba walizikumbuka na kuzitamka vizuri kuliko waliozisema tu, na hata kuliko waliozisema kwa mapigo. Huko Oxford, katika miaka ya 1980, Peter Bryant na Lynette Bradley na wenzao walifuatilia kundi la watoto tangu umri wa miaka mitatu. Waliojua nyimbo nyingi za kitoto wakati huo ndio waliokuwa wepesi zaidi wa kupambanua sauti ndani ya maneno, na baadaye wepesi zaidi wa kusoma. Anayemwimbia mtoto wa miaka miwili anamwandaa pia kwa darasa la kwanza.

Utafiti mwingine unaweka mpaka ambao kila mzazi anapaswa kuujua. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Seattle walichukua watoto wa Kimarekani wa miezi tisa na kuwakutanisha na wasemaji wa Kichina waliocheza nao na kuwasomea vitabu, vipindi 12 vya chini ya nusu saa. Watoto hao walijifunza kutofautisha sauti za Kichina. Wenzao waliopewa watu wale wale kwa video, au sauti zao peke yake, hawakujifunza. Kilichowafundisha watoto wa kundi la kwanza ni mtu aliye mbele yao, anayewatazama machoni na kuwajibu.

Aina za nyimbo na kinachofundishwa na kila aina

Nyimbo za bembelezi ndizo za kwanza. Bibi anayetembea uani na mjukuu mgongoni, amemfunga kanga, huimba kwa mwendo wa hatua zake, naye mtoto huyapata mapigo ya lugha kupitia kifua na mgongo wa anayembeba. Maneno ya bembelezi ni machache: jina la mtoto, mama aliyekwenda shamba au sokoni, chakula kitakachokuja. Kazi yake kubwa si msamiati bali lafudhi, na lafudhi ikikaa mapema haitoki kwa urahisi.

Nyimbo za kazi ndogo za mwilini hufuata. Kuoga, kunawa, kuvaa na kula hurudi kila siku kwa mpangilio ule ule, na wimbo uliofungwa kwenye tendo hupata maana bila kutafsiriwa. Mama anayemwogesha mtoto huku akitaja kwa kuimba mkono, mguu, tumbo na kichwa, akigusa kila kiungo kinapotajwa, amefundisha majina ya viungo kwa wiki chache. Akitaka kuongeza sarufi, habadilishi wimbo, anabadilisha neno moja. Mkono unaoshwa leo, kesho mikono inaoshwa. Kimakonde, kama Kiswahili, hupanga majina kwa ngeli, na alama za ngeli hukaa mwanzoni mwa neno. Mtu ni munu na watu ni vanu, kitu ni chinu na vitu ni vinu. Wimbo unaogeuza umoja kuwa wingi humfanya mtoto asikie mwanzo wa neno ukibadilika na maneno yanayofuata yakibadilika nao. Upatanisho huo ndio humsumbua mtu mzima anayejifunza Kimakonde ukubwani, na mtoto huupata akiwa kwenye beseni.

Nyimbo za kuhesabu zina faida ya pekee katika lugha za kusini. Kimakonde, Kiyao na Kimakua huhesabu kwa mkono. Hesabu ya asili hufika tano, na kutoka hapo sita husemwa kuwa tano na moja, saba kuwa tano na mbili, mpaka kumi. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, hutoa vifaa vya somo hili bila gharama. Korosho zimeokotwa chini ya mikorosho na kutenganishwa na mabibo, zimemwagwa kwenye mkeka zikauke. Mtoto wa miaka minne anakaa na bibi pembeni mwa mkeka. Bibi anaimba namba na kusogeza korosho moja kwa kila namba, na zikifika tano anafunga fungu na kupiga kofi moja. Kisha anaanza fungu la pili kwa kuligusa lile la kwanza, tano, na kuongeza moja. Mtoto anaona kwa macho kile anachokitamka, na anapofikia kumi huwa na mafungu mawili sawa na mikono yake miwili. Watu wengi siku hizi huhesabu kwa Kiswahili hata wanapozungumza Kimakonde, na wimbo wa namna hii ni mojawapo ya njia chache za kuzirudisha namba za asili mdomoni mwa watoto.

Nyimbo za duara na za makofi humfaa mtoto wa miaka mitatu na kuendelea. Watoto wa pwani yote wanaujua mchezo wa Ukuti, ambao duara la watoto huzunguka na kutikisika kama kuti la mnazi kwenye upepo. Mnazi, kuti, upepo na kutetemeka vyote vimo, na mtoto asiyejua neno la kutetemeka hulijua mara tu mwili wake unapotetemeka pamoja na wenzake. Mchezo kama huo huweza kutungiwa maneno ya Kimakonde kwa vitu vya ufuoni Msimbati: kaa anayekimbia kwenye mchanga, pweza anayejificha, mikoko ya Ruvuma, maji yanayotoka na kurudi. Watoto wanaowafuata mama zao mwambani maji yakipwa wanavijua vitu hivyo kwa macho na mikono, na wimbo unawapa tu majina yake.

Ngano zenye nyimbo huja mwisho, na ndizo zenye lugha nyingi zaidi. Msimulizi husimulia kwa maneno ya kawaida, na kila kisa kinapofika mahali pake huingiza wimbo mfupi ambao wasikilizaji huuitikia. Mtoto ambaye bado hafuati hadithi yote huweza kuitikia kiitikio, na kwa njia hiyo ana nafasi katika hadithi kabla hajaielewa nusu yake. Akiisikia mara ya tano au ya sita, maneno yanayouzunguka wimbo yameanza kumfungukia. Ngano za Wamwera zimechunguzwa kwa undani na mtaalamu wa Kijerumani, Uta Reuster-Jahn, katika kitabu chake cha mwaka 2002.

Toni na uchaguzi wa nyimbo

Kosa linalofanywa mara nyingi ni kuchukua wimbo wa Kiswahili wa chekechea na kuutia maneno ya Kimakonde. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na panda-shuka ya sauti haibadilishi maana ya neno. Kimakonde ni lugha ya toni. Kupanda na kushuka kwa sauti hubainisha maana za maneno na nyakati za vitenzi, tena silabi ya pili kutoka mwisho huvutwa. Wimbo uliotungwa ndani ya lugha huelekea kufuata toni za maneno yake. Wimbo wa kuazima huweza kulipandisha neno ambalo lilipaswa kushuka, na mtoto akalipokea likiwa limepotoka. Kwa hiyo nyimbo za wazee zitangulie. Mzazi anayetaka kutunga mpya aanze kwa kulisema kila neno polepole, asikie linavyopanda na kushuka, kisha aufanye wimbo ufuate neno. Asiyekuwa na uhakika amwimbie kwanza mtu aliyekulia Newala au Msimbati.

Jambo la pili ni lahaja. Bibi wa Mueda na baba wa Newala hawasemi sawasawa, na wazazi wengine huogopa kumchanganya mtoto. Mtoto huunganisha sauti na mtu. Wimbo wa bibi uachwe kama bibi anavyouimba, na wa baba kama baba anavyouimba. Kusahihishana mbele ya mtoto ndiko kunakomfunga mdomo.

Lugha ya mbali ndani ya nyumba: Kirusi

Kirusi kilianza kuingia katika familia za Tanzania miaka ya 1960. Vijana wengi walipata nafasi za kusomea udaktari, uhandisi na kilimo katika Umoja wa Kisovieti, baadhi yao katika Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa cha Moscow, kilichoanzishwa mwaka 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata. Baadhi walirudi na wake waliowaoa huko. Katika nyumba kama hizo mama huwa ndiye chanzo pekee cha Kirusi. Hakuna jirani, hakuna shangazi, hakuna mtoto wa kucheza naye kwa lugha hiyo. Hali ya Kirusi humo ni ile ya Kimakonde cha mjini, ila imezidi, na nyimbo hubeba mzigo mkubwa zaidi.

Warusi wana hazina tele ya nyimbo za utotoni, na nyingi zinafanana kwa umbo na za pwani. Ladushki ni mchezo wa kupiga makofi unaomtaja bibi na chakula chake. Katika Soroka, ndege mmoja anapika uji. Mkubwa huzungusha kidole kwenye kiganja cha mtoto kama anayekoroga chungu, kisha hukunja vidole kimoja kimoja, kila kidole kikiwa mtoto aliyepata sehemu yake, na kimoja hunyimwa kwa kuwa hakikusaidia kazi. Karavai ni duara la siku ya kuzaliwa. Watoto humzunguka mwenye siku yake na kuonyesha kwa mikono mkate ulio mrefu, mfupi, mpana na mwembamba, kwa hiyo sifa nne zinajifunzwa kwa mwili mzima. Mtoto aliyezoea Ukuti huingia Karavai bila maelezo.

Kirusi kina ugumu wa aina tatu ambao nyimbo huupunguza. Wa kwanza ni mkazo. Mkazo wa Kirusi hauna mahali maalumu, na ukihama hubadilisha maana: zamok likikazwa mwanzoni ni ngome, likikazwa mwishoni ni kufuli. Tena irabu zisizokazwa hufifia. Moloko, yaani maziwa, hukazwa mwishoni, na o mbili za kwanza husikika kama a hafifu. Mtoto wa Kiswahili, kwa mazoea yake, angekaza silabi ya katikati. Katika wimbo mzuri silabi yenye mkazo huangukia kwenye pigo, na mtoto anayepiga makofi kwa wimbo huo anaupiga mkazo wenyewe.

Ugumu wa pili ni mrundikano wa konsonanti. Kiswahili hupenda silabi zinazoishia kwa irabu, na mtoto anayekijua hicho tu huchomeka irabu kati ya konsonanti za Kirusi. Hapo wimbo uimbwe polepole, mtoto akitazama midomo ya mama. Mapigo hayaachi nafasi ya silabi ya ziada, na polepole ile irabu ya kuchomeka huanguka yenyewe.

Ugumu wa tatu ni miisho ya maneno. Kirusi kina hali sita za majina, na mwisho wa neno hubadilika kufuatana na hali: paka anayelala ni koshka, paka anayeonwa ni koshku. Mtoto wa Mtwara amezoeshwa na Kiswahili na Kimakonde kusikiliza mwanzo wa neno, kwa sababu ngeli ziko mwanzoni. Nyimbo za Kirusi humgeuzia sikio upande wa pili, maana vina vyake hukaa mwishoni mwa mstari, na mwisho wa neno ndio unaosikika na kukumbukwa kuliko kitu kingine. Hakuna somo la sarufi linaloweza kumfanyia mtoto wa miaka mitatu kazi hiyo.

Uchaguzi wa nyimbo za Kirusi uzingatie vitu vilivyo mbele ya mtoto. Wimbo mashuhuri wa mti wa Mwaka Mpya, uliotokana na shairi la Raisa Kudasheva la mwaka 1903 na kutiwa muziki na Leonid Bekman mwaka 1905, umejaa msitu wa baridi na theluji. Ni urithi mzuri wa mama, na mtoto anastahili kuupata, lakini kwa Mtwara unahitaji picha na mti wa kushikwa, na mvinje uliopambwa unatosha. Nyimbo za paka, uji, mikono, mvua na usingizi zitangulie, kwa kuwa vitu hivyo viko Mtwara kama vilivyo Moscow.

Mzazi asiyezaliwa ndani ya Kirusi, baba aliyekisoma chuoni kwa mfano, naye anaweza kuimba. Atangulize nyimbo chache anazozitamka vizuri, azisikilize mara nyingi kutoka kwa waimbaji wa kwao, na asizifunze kwa maandishi ya Kirumi yanayoficha mkazo. Nyimbo tano zilizokaa sawasawa zina faida kuliko hamsini zinazobahatishwa.

Kutoka wimbo hadi mazungumzo

Mtoto aweza kuimba wimbo mzima pasipo kujua neno lake hata moja. Kasoro hii haimo ndani ya wimbo. Imo katika kuuacha mahali ulipo. Wimbo ukishakaa, ufunguliwe. Njia ya kwanza ni kunyamaza. Mzazi anaimba na kuacha neno la mwisho, mtoto analijaza. Ya pili ni kubadilisha: mtoto anachagua nani anaoga, nani anakula, nani analala, na kuliingiza jina analotaka. Ya tatu ni kuuliza kwa lugha ya wimbo, wakati tendo linafanyika. Mtoto aliyeimba juu ya mkono aulizwe mkono uko wapi. Ya nne ni kulitoa neno nje ya wimbo siku hiyo hiyo. Aliyeimba juu ya kaa asubuhi amtaje kaa akimwona jioni sokoni au ufukweni. Neno lililotumika mahali pawili ni la mtoto. Lililobaki kwenye wimbo bado ni la wimbo.

Mpangilio wa umri nao una maana. Mwaka wa kwanza ni wa bembelezi na mapigo, na hakuna jibu linalotarajiwa. Mwaka wa pili ni wa viungo, wanyama na matendo. Mtoto hujibu kwa mikono kabla ya mdomo, na kugusa kichwa panapostahili ni jibu kamili. Miaka ya tatu na ya nne ni ya namba, makofi, duara na kujaza maneno. Kuanzia miaka mitano, mtoto anapoingia darasa la awali na Kiswahili cha shule kuongezeka nguvu, ngano na nyimbo zenye majibizano hutakiwa zaidi, kwa sababu zinamdai azungumze. Kipindi hiki ndicho ambacho lugha nyingi za nyumbani huanza kupotea, kwa hiyo ndicho ambacho mzazi hapaswi kulegea.

Mtoto akijibu kwa Kiswahili, asigombezwe wala asichekwe. Mzazi aipokee maana yake na kuirudisha kwa lugha ya nyumbani, kwa wimbo ikiwezekana, kisha mazungumzo yaendelee. Lugha iliyohusishwa na aibu huachwa mapema.

Simu, redio na rekodi

Watoto wengi wa mjini sasa hupata nyimbo kwa simu na televisheni. Kwa Kiswahili kuna kazi nzuri, mfano vipindi vya Ubongo, shirika la Dar es Salaam lililoanzishwa mwaka 2013. Kwa Kirusi, kipindi cha televisheni cha kuwalaza watoto kilichoanza mwaka 1964 kimelea vizazi kadhaa kwa wimbo wake wa usingizi. Nyimbo za Kimakonde za watoto wadogo bado ni chache mno katika vyombo hivyo. Palipo na rekodi, mzazi na mtoto waisikilize pamoja, wauimbe wimbo ule wakiwa wameizima simu, na rekodi ibaki msaada wa kukumbusha. Watoto wa Seattle walithibitisha kwamba kioo peke yake hakitoshi.

Faida kubwa ya simu katika pwani ya Mtwara iko kwingine: inaweza kuhifadhi. Mwaka 1906 Karl Weule, mtafiti wa Kijerumani, alipita Masasi na Newala akinasa nyimbo kwa fonografu kwenye silinda za nta, na sauti hizo zikapelekwa Berlin. Leo nyumba nyingi zina chombo kilicho bora kuliko kile. Mjukuu anaweza kumrekodi bibi akiimba bembelezi, akaandika jina la wimbo, mahali bibi alikojifunzia na tendo linalofuatana nao, maana bila tendo nusu ya wimbo imepotea. Kuna pia nyimbo zisizorekodiwa ovyo. Zile za jando na unyago zina wakati wake, watu wake na siri zake, na si za watoto wadogo.

Nchini New Zealand, wazee wa Kimaori walioiona lugha yao ikikauka walianzisha mwaka 1982 vituo vya Te Kohanga Reo, ambavyo bibi na babu huwalea watoto wadogo kwa lugha yao, nyimbo zikiwa sehemu ya kila siku. Vilienea nchi nzima katika miaka michache. Havikuanza na vitabu wala mitihani. Vilianza na wazee waliokuwa bado wanaikumbuka lugha na watoto waliokuwa bado wadogo. Mtwara ina wote wawili hivi leo. Wimbo wa kuogea, wa kuhesabia, wa kuchezea na wa kulalia, ukiimbwa kila siku na mtu mmoja asiyebadilisha lugha, unatosha kumwanzisha mtoto, iwe kwa Kimakonde cha bibi wa Msimbati au kwa Kirusi cha mama aliyetoka mbali. Kinachobaki ni kuzungumza naye kwa lugha hiyo hiyo wimbo unapokwisha.